Mashine Iliyofungwa Kiunoni

Asubuhi ile niliondoka Bagamoyo bila safari. Niliamka katika chumba cha binamu yangu pale Dunda, nikanawa uso, nikaona kuta zile zile na ndoo ile ile, nikajua nimekaa mno. Uhuru ulikuwa na miaka michache, nami nilikuwa na ishirini na ushei. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nimebeba magunia, nimekata mkonge, nimeuza pweza wa kukaanga, kila kazi mpaka nijue inavyofanyika, kisha hamu inaniisha. Nilitia shuka na kikombe katika mkoba wa ukili, nikafuata pwani kuelekea kaskazini, kwa sababu kusini nilikuwa nimeshakwenda.

Siku ya pili, mchana, nilitokea kwenye mdomo wa Wami, mahali mto unapoingia baharini ukiwa mwekundu kwa udongo. Ng'ambo nilimwona mtu amesimama majini nyuma ya boti ya mbao. Alikuwa amekumbatia kitu kirefu cheusi. Kichwa cha kitu hicho kimemlalia begani, mguu wake unaning'inia majini. Kilikuwa kimefungwa kamba, na ncha ya pili ya kamba ilikuwa kiunoni mwake. Alitembea kinyumenyume kuelekea nchi kavu, taratibu, macho kwenye mawimbi. Nilidhani anaopoa maiti. Nilitaka kupiga kelele, sikujua nimwite nani.

Ilikuwa mashine ya boti. Alipokwisha kuipeleka juu alirudi akanivusha kwa kasia, na njiani nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee. Ungeniita nikushikie upande mmoja."

"Marahaba," alisema. "Wewe shika upande wako. Huu una mwenyewe."

Kijiji kizima kilimwita Mwenye Mashine. Jina lake nilikuja kulijua, lakini halina kazi hapa. Nilikusudia kulala siku moja. Nilikaa miezi minne, na kwa miaka kumi na kitu iliyofuata, kila nilipochoka na mahali pengine, miguu ilinipeleka kwake.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ya nguvu ya farasi sita, uzito wake kama wa mtoto wa miaka minane aliyelala usingizi. Haikuwa ikilala kwenye boti. Kila jioni aliivua, na kila asubuhi aliipachika tena, hata siku ambazo hakuwa na pa kwenda. Sababu alikuwa nazo nyingi: chumvi inakula chuma, maji yakitoka boti inalala ubavu na mashine inavunjika, viboko wa mtoni hawana adabu. Zote zilikuwa kweli. Lakini watu wengine wa pwani waliokuwa na mashine waliita mtu wa pili wakaibeba wakicheka, na yeye hakumwita mtu hata siku moja.

Nilimtazama mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuifanya kazi ile nimefumba macho, ingawa sikuruhusiwa kuigusa. Akikaribia ufuko alifunga mafuta, akaiacha mashine inywe yaliyobaki mpaka ikohoe na kuzima yenyewe. Aligeuza boti, nyuma ikaelekea nchi kavu, akachomeka upondo kwenye tope ili boti isimame. Aliteremka, maji yakimfika kiunoni. Kwanza alifunga kamba: kwenye shingo ya mashine, kisha kwake. Ndipo alipolegeza zile skrubu mbili za vibano vinavyoishika mashine kwenye ubao wa nyuma, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, kama mtu anayegawa haki kwa watoto wawili. Alihesabu mawimbi. Likipita kubwa aliikumbatia, akainyanyua wima, akaanza kurudi nyuma. Hakuilaza kamwe, maana ikilala maji yaliyobaki mguuni hukimbilia kichwani na kuiua. Nyumbani aliisimamisha katika pipa la maji baridi ya kisima, akaiwasha inywe, akaikausha kwa kitambaa, akaitundika kwenye gogo la mkoko lililochongwa kwa kazi hiyo, karibu na kitanda chake. Mkewe alikuwa akisema kwamba mke mwenza wake anaoga kuliko yeye.

Kupachika kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa unaingia majini na mzigo badala ya kutoka nao. Akishaiketisha juu ya ubao alikaza kwa vidole tu, bila koleo, akaenda mwendo wa kutupa jiwe, akazima, akakaza tena. "Kaza, tembea, kaza tena," aliniambia, na hilo lilikuwa somo lote alilokubali kunipa. Akiwa safarini mashine aliifunga kwenye boti kwa kamba mbili. Kiunoni aliifunga wakati wa kuibeba tu.

Nilimuuliza kwa nini asiifunge kwenye boti wakati wote, kwani boti inaelea na yeye haelei. Hilo halikuwa dhihaka. Mwenye Mashine hakujua kuogelea. Alizaliwa na bahari mlangoni na akakaa juu yake miaka arobaini, lakini maji yakimpita kifua alianza kuvuta pumzi kwa mdomo kama mgonjwa.

"Boti ikiipoteza mashine, boti inaona nini?" alisema. "Mimi nikiipoteza, nitakuwa nayo huko huko."

Alisema hivyo anamenya muhogo, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Sikuuliza tena siku ile.

Mtu asidhani alikuwa mchoyo au mkimya. Nyumba yake haikuwa na siku isiyo na mgeni. Alipenda kubishana, alipenda kahawa, alipenda kuwatania wakwe wa watu. Mimi aliniita Mwanachuo tangu alipojua nimeishia darasa la sita. "Mwanachuo amefika, jificheni, atauliza." Aliwaazima majirani nyavu, shoka, hata boti, mradi waitumie kwa kasia. Na hakumkataa mgonjwa. Masika yakianza, barabara ya bara ilikuwa inageuka ziwa, malori yanakwama wiki mbili, na kutoka Saadani mpaka kwetu pale mdomoni hapakuwa na njia nyingine ya kufika hospitali ya Bagamoyo isipokuwa ile boti. Nimewaona wakiletwa kwa machela za kamba: aliyeumwa na nyoka, mtoto aliyekauka kwa kuhara, wanawake ambao uchungu umewashika siku mbili. Aliwalaza juu ya jamvi, akawafunika turubai, akaondoka. Wengi wao walirudi wakitembea. Pwani ile walikuwako watoto kadhaa waliopewa jina lake, na akiwaona aliwapa miwa.

Aliponunua mashine alipewa na kijitabu chake cha Kiingereza, chenye picha za kila hatua. Hakuweza kukisoma, wala mimi sikuweza sana, lakini tulikaa nacho barazani, mimi nikikisia maneno, yeye akinikosoa kwa kuangalia picha. Ukurasa mmoja ulionyesha Wazungu wawili wenye kofia wakiinyanyua mashine, mmoja kila upande, wanatabasamu. Mmoja wao alikuwa amepakwa mkaa kichwa mpaka miguu, hata karatasi imetoboka. Nilimtazama. Alifunua ukurasa uliofuata akasema hapa wanaeleza habari za oili.

Mkewe ndiye aliyenieleza, mwaka wa tatu wa kujuana kwetu, akikuna nazi uani, mumewe yuko msikitini. Hii ilikuwa mashine ya pili. Ya kwanza walikuwa wakiipachika watu wawili, Mwenye Mashine na shemeji yake, yaani kaka wa huyu mama. Masika moja baba yao, mkwe wa Mwenye Mashine, aliugua ngiri, ikajifunga, tumbo likawa gumu kama ngoma. Walimlaza botini alfajiri na mapema. Wale wawili walikuwa na haraka, na walikuwa na heshima. Mume alikaza skrubu ya upande wake, akaiacha ya pili kwa shemeji, kwa kuwa hakutaka kumtangulia mtu katika kumhudumia baba yake mzazi. Shemeji aliona mwenye mashine ameinama pale, akadhani amekaza zote, na kuzikagua nyuma yake kungemvunjia heshima. Walifika katikati, nchi haionekani vizuri, mashine ikaruka ubaoni kama samaki, ikaenda. Walipiga maji kwa mbao za sakafu mpaka alasiri. Mzee aliomba maji ya kunywa, akapewa, akafa kabla hawajaiona Bagamoyo.

"Hakuna aliyemlaumu mwenzake," alisema yule mama. "Kila mmoja alisema ni mimi. Wangegombana ingekuwa heri. Kaka yangu alihamia Tanga, na huyu akauza minazi yake akanunua hii. Tangu siku hiyo hataki mkono wa pili."

Aliendelea kukuna nazi. Baadaye akaongeza, bila kuniangalia, kwamba anamhesabia mumewe hatua kila asubuhi kutoka dirishani. Zilikuwa thelathini na mbili kutoka mlangoni mpaka majini, na miaka ya karibuni zimekuwa arobaini, na katikati anasimama.

Hapo nami nikaanza kuhesabu. Nilikuwa naondoka na kurudi, na mtu anayerudi huona asiyoyaona anayekaa. Safari moja nikaona kikombe cha kahawa kimehamia mkono wa kulia tu. Safari nyingine nikaona akiinuka kutoka sijida anaegemea ngumi badala ya kiganja. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinakufa. Aliniambia mwenyewe kuwa vimelala kidogo, na akacheka kwamba vimezeeka kabla yake. Akachoma kidole kwa mwiba wa samaki kunionyesha kwamba hakisikii, kama anayeonyesha mchezo.

Lililonitisha ni fundo. Zamani alifunga kamba ya kiunoni kwa fundo la kitanzi, ambalo ukivuta ncha moja tu linafunguka lote. Fundo lile linataka mikono miwili yenye vidole. Mwaka ule nilipomkuta alikuwa akifunga fundo la kukaza, moja juu ya jingine, kwa mkono wa kulia na meno. Akifika nyumbani alikuwa analifungua kwa msumari, na ilimchukua muda.

Nilimwambia. Alinijibu kuwa fundo lisilofunguka ndilo fundo.

Kisha ikaja miaka ya vijiji vya ujamaa, watu wa porini wakaletwa kujenga pale pwani, kijiji kikapata mwenyekiti. Alikuwa mtu mwema, mwenye miwani, aliyependa mambo yaende kwa orodha. Aliitisha mkutano chini ya bati la ghala la nazi, akasema mashine ya mzee wetu inahudumia vijiji vinne, haifai itegemee mgongo mmoja, basi wateuliwe vijana wawili wafundishwe. Watu walipiga makofi. Mwenye Mashine alisimama akaomba radhi mkutano, akasema kwa upole kwamba vijana wawili ni wengi mno.

"Basi mmoja," mwenyekiti alisema.

"Mmoja na mimi ni wawili."

Watu walicheka, naye alikaa chini akicheka nao. Lakini mwenyekiti alimaliza kwa kusema kwamba siku atakayoonekana ameiangusha, kijiji kitaichukua, na hapo hapatakuwa na mjadala. Nadhani hakukusudia ubaya. Tangu siku hiyo Mwenye Mashine alianza kwenda majini mapema zaidi na kurudi kwa kuchelewa, saa ambazo ufuko hauna watu.

Mara ya mwisho nilifika katika masika makubwa. Mvua ilikuwa imenyesha bara siku tisa, na Wami ulikuwa unashuka na miti mizima, na mizoga ya ng'ombe. Kumbuka kwamba mto ukifurika hula mchanga wa mdomoni. Mahali palipokuwa na maji ya kiunoni wiki iliyopita panaweza kuwa shimo leo, na juu huoni kitu. Nilimkuta amekonda. Alikwishapeleka wagonjwa watatu Bagamoyo mwezi ule, mmoja mmoja, na siku hiyo alikuwa amerudi na wa mwisho akiwa hai. Alifurahi kuniona. Alisema Mwanachuo ameota mvi, basi sasa ataacha kuuliza.

Asubuhi iliyofuata mvua ilipumzika. Nilikuwa nanywa uji alipoivua mashine kwenye gogo lake, akaiweka begani, akatoka. Mkewe aliangalia mgongo wake mpaka alipopita mkunazi. Kisha alikwenda jikoni, akarudi na kisu cha kuparia samaki, akakiweka karibu na bakuli langu.

"Nenda naye, mwanangu," alisema. "Usimshike, atakutukana. Simama tu karibu."

Nilisimama nchi kavu, maji yakinigusa vidole. Alikuwa ameshageuza boti na kuchomeka upondo. Alifunga fundo lake kwa meno. Aliniona, akaona na kisu, akauliza kama leo nimekuwa mchinjaji. Nikasema naenda kutafuta chaza. Akaguna, akaingia.

Alikwenda vizuri. Hatua ya kwanza, ya pili, ya sita. Alikuwa amebakiza kama mkono mmoja tu kuufikia ubao wa nyuma. Akainua mashine kuiketisha, na mkono wa kushoto, ule uliolala, ukafunguka wenyewe kama mlango usio na kitasa. Mashine iligonga ubao, ikapinduka upande wa mto. Akapiga hatua moja kuifuata. Pale palikuwa na shimo.

Hakupiga kelele. Kamba ilikaza, kiuno kikaenda kwanza, kichwa kikafuata, na kofia yake ikabaki juu ya maji ikizunguka polepole. Niliruka. Maji yalikuwa mazito kwa tope, sikuona hata mkono wangu mwenyewe. Niligusa kanzu, nikagusa mbavu, nikaikuta kamba imenyooka kama waya kwenda chini. Alinishika kifundo cha mkono. Mpaka leo sijui alikuwa ananivuta nimwokoe au ananizuia. Nilikata.

Nilimburuta mpaka mchangani, akatapika maji mekundu. Alikaa, akaishika ile kamba fupi iliyobaki kiunoni, akaitazama ncha yake.

"Nilikuwa nimesimama," alisema.

Nikasema, "Mzee, ulikuwa unazama."

"Mguu ulikuwa chini. Nilikuwa nimesimama, nangoja wimbi lipite."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Maji yalipokupwa tulitafuta, mimi na wavuvi sita, kwa nyavu, kwa nanga, kwa miguu. Shimo lilikuwa limeshajaa tope na mto umeendelea na safari yake. Mwenyekiti alikuja na miwani yake, akasimama, akatazama nyavu zikirudi tupu. Hapakuwa na cha kuchukua.

Mkewe alimfunika mablanketi mawili. Alinirudishia mkoba wangu, shuka limekunjwa ndani, na muhogo wa kuchemsha.

"Umefanya nilichokutaka," alisema. "Sasa nenda. Akikuona hatakula."

Sikuwahi kumwona tena Mwenye Mashine. Nilielekea kaskazini, pwani pwani, katika manyunyu. Saadani sikuwa nimefika kamwe. Nilifika siku ya pili jioni, mwanga bado upo, samaki wamefunikwa kwa makuti, mtu hayuko nje. Nilibisha hodi nyumba ya kwanza yenye moshi. Alitoka mtu mzima mwenye msuli, akanikaribisha bila kuniuliza jina, akanipa maji ya miguu, akaniketisha. Uani palikuwa na mwanamke kijana, mjamzito aliyekaribia kujifungua, anapepeta mchele amekaa kwa shida. Yule bwana alisema ni mkwewe, mke wa mwanawe aliye Dar es Salaam. Mimba ya kwanza alipasuliwa, na mganga wa hospitali alionya kwamba hii nayo asizalie nyumbani. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia mdomo wa Wami.

"Afadhali," alisema. "Basi umemwona Mwenye Mashine. Hajambo? Nilitaka kesho nimpelekee habari ajiweke tayari."

Ningeweza kusema hajambo, na ingekuwa kweli. Nilisema mashine imezama. Akauliza imezamaje. Nikamweleza yote, pamoja na kisu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ungo uani ulikuwa umenyamaza. Alipangusa uso kwa kiganja, kisha akainuka akamwambia mkwewe afunge nguo zake. Wangeondoka alfajiri kuelekea Miono, upande wa bara, yeye na majirani wanne na kitanda cha kamba, kabla vijito havijajaa zaidi. Wakijaliwa wangepata lori huko, na wasipojaliwa wangeendelea. Kwa hali yake ilikuwa safari ya siku mbili, pengine tatu. Leo angelala chumbani kwa mama mkwe, amkande.

Alipokwisha kusema hayo alichukua taa, ingawa giza lilikuwa halijaingia, akanifungulia mlango wa chumba kidogo cha uani, alichokuwa akilala mkwewe. Mlikuwa na kitanda, jamvi jipya, na nepi za kanga zilizochanwa, zimekunjwa vizuri juu ya sanduku. Alizikusanya kwapani moja moja.

"Lala humu," alisema. "Chumba kiko wazi sasa."